Akibabaika, Usilipe Bei ya Mkono

Nilisimamia mitambo ya kufumia nguo kiwandani mpaka nikastaafu. Mle ndani kelele hazikuruhusu mazungumzo. Tulisemezana kwa vidole. Sasa nina kitanda cha kufumia, cha mbao, cha kukanyaga kwa miguu, nafuma vikoi.

Vijana huniuliza mbona nimerudi nyuma. Nawaambia mkono ulishindwa kwa bei, haukushindwa kwa ubora. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za pale zikipelekwa hadi Misri. Karne ya 19 meli za bandari ya Salem, Marekani, zikashusha Unguja majora ya kitambaa cha merikani kutoka viwanda vya Massachusetts. Nani angeshindana na bei ile? Hata hivyo, Mogadishu ufumaji haukuzimika.

Kazi yenyewe ni ileile. Unatanda nyuzi za mtande. Ukikanyaga, nusu hupanda na nusu hushuka; hapo katikati unapitisha uzi wa mshindio, unaushindilia kwa chanuo, unakanyaga upande wa pili. Mitambo ya leo inayorusha uzi kwa hewa hupitisha mshindio zaidi ya mara 600 kwa dakika. Mimi, hata siku mgongo ukiwa mzima, sifiki 40. Lakini kuutandia mtambo ule ni shughuli nzito. Hakuna atakayeuwasha kwa kikoi kimoja cha bwana harusi aliyejichagulia rangi zake. Riziki yangu imo humo.

Ili riziki hiyo idumu, huruma ya watalii wanaonunua peke yake haitoshi; jina la kitambaa nalo lilindwe. Kwa ajili ya wafumaji wa Scotland, Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1993: kitambaa hakiitwi Harris Tweed mpaka kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides, majumbani mwao. Na vitanda vyao si vya kale; vingine hupigwa pedeli kama baiskeli. Nguvu ni ya mfumaji, basi. Sisi hata jina la kikoi hatujalilinda hivyo.

Kwa hiyo ukinunua, tazama ukingo. Mshindio wa mkono hufika mwisho, ukageuka ukarudi. Mitambo mipya huukata kila mara, vinyuzi vikabaki vimechomoza au vimekunjwa ndani. Ile ya zamani, niliyoisimamia mimi, nayo huurudisha, basi usitosheke na ukingo. Muulize muuzaji nani amekifuma, na wapi. Akibabaika, usilipe bei ya mkono.