Paa la polikaboneti: bei ya shiti si bei ya paa

Mwenye nyumba anayetaka kuezeka veranda, kibanda cha gari au ua wa kuanikia nguo kwa polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya shiti. Hilo lingekuwa swali la pili. La kwanza ni vipimo, kwani hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Shiti yenye uwazi katikati huuzwa mara nyingi ikiwa na upana wa mita 2.1 na urefu wa mita 5.8, yaani mita za mraba 12.18. Ikikatwa nusu hutoa vipande viwili vya mita 2.9, ambavyo vikipangwa bega kwa bega hufunika veranda ya mita 4.2. Mwenye nyumba akitaka mita 4.5, sentimita 30 tu zaidi, atanunua shiti ya pili na sehemu kubwa ya shiti hiyo italala nyuma ya nyumba. Ni nafuu kubadilisha mchoro kabla ya mashimo ya nguzo kuchimbwa.

Anapolinganisha maduka, agawanye bei kwa mita za mraba na ahakikishe unene ni ule ule. Shiti ya milimita 4 na ya milimita 8 si bidhaa moja. Aulize pia kama ushuru wa VAT wa asilimia 16 umejumuishwa. Shiti iliyotajwa kwa Sh10,000 bila ushuru italipiwa Sh11,600.

Kisha kuna yale ambayo hayaandikwi kwenye shiti: vyuma au mbao za fremu, vishikio vya alumini vya kuunganisha vipande, skrubu zenye washa za mpira, tepu ya kuziba ncha, silikoni, usafiri na malipo ya fundi. Usafiri usidharauliwe. Shiti ya mita 5.8 haitoshi kwenye pikapu ya kawaida, na haifai kukunjwa kama mkeka.

Jambo moja halifai kubaniwa pesa: kinga dhidi ya miale ya jua. Nakuru iko karibu na ikweta, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na jua la hapa ni kali hata siku ya baridi. Shiti isiyo na kinga hugeuka manjano na kuwa dhaifu. Kinga hiyo mara nyingi huwa upande mmoja tu, ulioandikwa kwenye karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu yake. Fundi akigeuza shiti, kinga imelipiwa bure.

Polikaboneti hurefuka kwa joto. Kipande cha mita 2.9 kikipata nyuzi 30 zaidi huongezeka takriban milimita 6, hivyo tundu la skrubu liwe pana kuliko skrubu yenyewe. Mteremko usipungue sentimita 9 kwa kila mita, na mifereji ya ndani ya shiti ielekee chini. Silikoni yenye harufu ya siki isitumike, wala petroli au thina wakati wa kusafisha. Maji na sabuni yanatosha. Na mtu asikanyage shiti moja kwa moja, hata fundi mwembamba. Aweke ubao juu ya boriti.

Kwa anayetaka mwanga tu ndani ya nyumba yenye giza, shiti moja ya mawimbi kati ya mabati itamtosha, mradi mawimbi yake yalingane na ya mabati yaliyopo. Abebe kipande cha bati dukani.

Veranda au kibanda kipya ni ujenzi, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya serikali ya kaunti. Ada na michoro inayotakiwa huulizwa katika ofisi ya mipango kabla ya kulipa malipo ya kwanza ya fundi.