UNAUZA MWAROBAINI MTANDAONI? USIUZE MAGONJWA 40

Wauzaji wenzangu, hili jina linatuponza. Mwarobaini ni mti wa magonjwa 40, basi mtu anayamwaga yote kwenye posti: malaria, kisukari, presha. Mimi nipo Bulwa, huku juu Usambara, majani nayafuata chini Muheza maana mti huu unapenda joto. Nauza vizuri tu, na neno "unatibu" hulikuti kwangu.

1. JUA UNACHOUZA. Mbegu zake zina azadiraktini, inayofukuza wadudu na kuwazuia kukua. Ndio maana wakulima huchanganya majani makavu na maharage wanapoyahifadhi. Vijiti vyake watu wanaswakia, mafuta yanatengenezewa sabuni. Hayo yaandike bila woga.

2. MALARIA. Maabara kweli zimekuta kwenye majani vitu vinavyopambana na vijidudu vya malaria. Lakini kikombe cha majani siyo mseto, dozi yake hakuna anayeijua. Mtoto mwenye homa akinyweshwa mwarobaini siku mbili badala ya kupimwa, anaweza kufa.

3. ANDIKA TAHADHARI KWENYE PAKITI.
- Mafuta yasinywewe. Kuna watoto wadogo walionyweshwa wakapata degedege, wengine wakafa.
- Mjamzito au anayetafuta mtoto asinywe.
- Anayetumia dawa za kisukari amuulize daktari kwanza, sukari inaweza kushuka mno.

4. SHERIA IPO. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukitangaza kwamba pakiti yako inaponya, hiyo sasa ni dawa, na dawa inataka usajili. Kama huna, uza majani kama majani na sabuni kama sabuni.

Posti yako iwe hivi: "Majani makavu ya mwarobaini, gramu 100, yamekaushwa kivulini. Ya kuzuia wadudu kwenye maharage na mahindi. Siyo mbadala wa dawa za hospitali."

Na kuna yule atakayekuja inboksi usiku: "Kaka, mwanangu anachemka, nimpe vijiko vingapi?" Usimtajie bei. Mjibu: "Dada, mpeleke akapimwe sasa hivi." Pakiti utamuuzia siku nyingine, mtoto akiwa mzima.