Jiko la ndani Ufipa: Tundu la ukutani pekee halitoshi

Na Mwandishi Wetu

JUNI na Julai baridi ya Ufipa haina mzaha. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku upepo wa kusini mashariki humfanya hata mwenyeji avute blanketi la pili.

Ndipo jiko la mkaa lililokuwa barazani jioni huingizwa chumbani. Mlango hufungwa, mianya ya dirisha huzibwa kwa matambara, familia hulala.

Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa na kulegea, na akiwa usingizini huenda asiamke kabisa. Watu hudhani kwamba pasipo moshi hapana sumu, na mkaa uliokolea hauonyeshi moshi.

Moshi wenyewe nao una madhara yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani.

Anayetaka joto ndani hana budi kuwa na jiko lililofungwa, lenye bomba la kutoa moshi nje. Kwa nyumba ya tofali za kuchoma, wengi hupendelea kutoboa ukuta kuliko bati, kwa kuwa bati lililotobolewa vibaya huvuja kuanzia Novemba hadi mvua ziishe.

Tatizo ni kwamba bomba hilo mara nyingi huishia hapo hapo nje, likiwa limelala. Upepo ukiupiga ukuta ule, moshi wote hurudi kwa mwenyewe.

Moshi wa moto ni mwepesi, hivyo ukipewa njia ndefu ya kupanda huvuta hewa mpya nyuma yake. Wahunzi wa Kifipa walilijua jambo hili zamani. Tanuri zao za kuyeyushia chuma, malungu, zilifikia urefu wa meta tatu hivi, zikavuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Ufundi huo ulikufa katika karne ya 20 baada ya chuma cha viwandani kuingia.

Basi bomba likishatoka ukutani lipande wima hadi lipite paa, angalau sentimeta 60 juu ya kitu chochote kilicho umbali wa meta tatu. Sehemu iliyolala iwe fupi na iinuke kidogo kuelekea nje. Chagua ukuta usiopigwa na upepo wa kusini mashariki, na juu weka kofia ya kuzuia mvua.

Tofali haliungui, lakini kenchi na nyasi huungua. Bomba la bati moja likae sentimeta 45 au zaidi mbali navyo. Kwa paa la nyasi mimi ningeongeza sana. Vipande vya karibu na moto viwe vya bati jeusi, maana bati lililopakwa zinki likipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Chumba nacho kiachiwe tundu la hewa karibu na sakafu.

Wapo wanaoulizia majiko ya peleti, yaani chembe za vumbi la mbao lililoshindiliwa, yanayotumika sana Ulaya na Marekani. Mengi ya hayo yana feni ya umeme inayosukuma moshi, ndiyo maana bomba lake la inchi tatu au nne huweza kupita ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika feni husimama, na moshi uliobaki hutafuta njia ya kurudi sebuleni. Hata jiko hilo, kwetu, lipewe bomba la wima.

Kwa mkulima wa mahindi, jiko la bati la kuchoma magunzi lina nafuu zaidi, kwani kuni zake zimelala uani baada ya kupukuchua. Hapo fundi bati anayejua kukunja kiwiko na kuunga bomba lisivuje ana soko.

Mwambie aweke kifuniko chini ya bomba, upande wa nje. Baridi ya huku hupoza moshi haraka na masizi hujaa. Mwezi Mei, kabla ya kuwasha, kifungue, gonga bomba, uyatoe.