Nyani haoni kundule: Jinsi kundi linavyomsaidia mtu kujitambua

KATIKA mazungumzo ya mitaani siku hizi, ni maneno machache ya kejeli yanayotamkwa kwa wepesi kama kumwambia mtu kuwa hajitambui. Huambiwa dereva wa bodaboda aliyepita taa nyekundu, huambiwa mume aliyemaliza mshahara kabla ya kufika nyumbani, huambiwa hata mchezaji aliyekosa penalti. Cha ajabu ni kwamba msemaji mwenyewe huwa hajajiuliza kama yeye anajitambua, na kama anajitambua, amejuaje.

Kujitambua, kwa maana inayotumiwa na wataalamu wa saikolojia, ni uwezo wa mtu kuyaona mawazo, hisia na mwenendo wake kama ulivyo, pamoja na namna mwenendo huo unavyowagusa wengine. Sehemu ya kwanza mtu anaweza kuifanya akiwa peke yake, kwa kutafakari, kwa sala au kwa kuandika shajara. Sehemu ya pili haiwezekani bila watu. Wahenga walikwisha kuliona hilo waliposema nyani haoni kundule.

Jinsi wataalamu walivyolifikia jambo hilo ni kisa chenye kufurahisha. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Kurt Lewin, Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 na kwenda Marekani, aliongoza warsha katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut. Washiriki walifika kujifunza namna ya kupunguza chuki za rangi katika jamii zao. Mchana walijadiliana katika vikundi huku watafiti wakiandika pembeni yaliyotokea: nani kasema, nani kanyamaza, nani kamkatiza mwenzake. Usiku watafiti walikutana peke yao kulinganisha maandishi yao.

Jioni moja washiriki wachache waliomba kuketi na kusikiliza. Lewin alikubali. Haukupita muda, mwanamke mmoja miongoni mwao akasikia mwenendo wake wa mchana ule ukielezwa, naye akapinga kwamba mambo hayakuwa hivyo. Mjadala ukapamba moto. Baada ya siku chache karibu washiriki wote walikuwa wakihudhuria vikao hivyo vya usiku, na ikadhihirika kwamba hapo ndipo walipokuwa wakijifunza zaidi.

Lewin alifariki dunia Februari 1947, lakini majira ya joto ya mwaka huo wenzake walianzisha mafunzo ya namna hiyo katika mji mdogo wa Bethel, jimbo la Maine. Kutoka hapo utaratibu huo ulienea katika vyuo, viwanda na makanisa.

Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili, Joseph Luft na Harrington Ingham, waliuweka ujuzi huo katika mchoro rahisi unaoitwa Dirisha la Johari, jina lililotokana na kuunganisha majina yao ya kuitana, Joe na Harry. Dirisha hilo lina vioo vinne. Kimoja ni cha mambo ambayo mimi nayajua na wenzangu wanayajua. Cha pili ni cha yale ninayoyajua mimi na kuwaficha wao. Cha tatu ni cha yale wanayoyaona wao nami siyaoni. Cha nne hakuna anayekiona. Mtu anapojieleza, kioo cha siri hupungua. Anapoambiwa, kioo cha upofu hupungua. Kinachokua ni kile cha kwanza.

Kioo cha tatu ndicho chenye gharama. Bosi anayewadharau wasaidizi wake hajui kwa nini wanahama kila mwaka. Mama anayewalinganisha watoto wake hajui kwa nini mmoja hapigi simu. Watu wote wa karibu wanajua sababu, ila mhusika.

Kwa nini basi hawamwambii? Kwa sababu kwetu kumweleza mtu kasoro yake usoni huonekana ni kumvunjia heshima, hasa akiwa mkubwa. Pwani palikuwa na njia za kulikwepa tatizo hilo: msichana alikuwa na somo wake, aliyeruhusiwa kumwambia faraghani mambo ambayo hata mama mzazi aliona haya kuyatamka. Mjini njia hizo zimefifia, na wengi tumebaki na marafiki wa kutusifu.

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alijiunga na watu wengine sita, kila mmoja na kazi yake, wakafungua kundi la WhatsApp. Makubaliano yalikuwa mepesi: kila Jumapili jioni mmoja wetu aandike jambo lililomsumbua wiki hiyo, wengine wamjibu, na lisitoke nje. Miezi miwili ya mwanzo tulipeana pole na maneno ya kutia moyo. Hakuna aliyejifunza lolote.

Kisha dada mmoja akaniandikia hivi: “Kaka, samahani. Kila mtu akieleza shida yake hapa, wewe unaleta yako iliyo kubwa kuliko yake. Wiki iliyopita nilipoeleza habari ya mtoto wangu kulazwa, ulieleza jinsi wa kwako alivyokaribia kufa. Niliona nimenyamazishwa.”

Nilikasirika. Nikaandika majibu marefu, nikayafuta. Nilikuwa na hakika kwamba nilichokuwa nikifanya ni kumfariji. Usiku nikapanda juu katika mazungumzo yetu, ujumbe baada ya ujumbe, nikihesabu. Katika shida kumi na moja zilizoelezwa na wenzangu, tisa nilizijibu kwa kisa changu mwenyewe. Hapo nikakumbuka kwamba mke wangu alikuwa ameacha kunisimulia mambo ya kazini kwake, nami nilidhani kazi yake imepoa.

Naamini hapo ndipo kundi la maandishi lina nguvu yake. Maneno hubaki. Mtu hawezi kusema sivyo ilivyokuwa, maana maandishi ya watafiti wa New Britain yamo mkononi mwake. Hata yule dada asingeweza kuniambia hayo tukiwa tumeketi mezani. Aliniambia baadaye kwamba aliandika, akaacha siku mbili, akapunguza ukali, ndipo akatuma.

Tazama pia namna alivyosema. Hakuniita mbinafsi. Alitaja nilichofanya, lini, na kilimfanya ajisikieje. Mtu akiitwa mbinafsi hujitetea, kwa kuwa tabia nzima haiwezi kubadilishwa Jumatatu asubuhi. Akionyeshwa tendo, analo la kufanya: nami nilianza kwa kuuliza swali moja kabla ya kusimulia langu.

Hata hivyo, dawa hii ina sumu yake. Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler wa Marekani alieleza kwamba watu wanapowasiliana kwa intaneti hulegeza vizuizi: hutoa siri haraka kuliko kawaida, na pia hutukana haraka kuliko kawaida, kwa kuwa hawaonani na jibu haliji papo hapo. Anayesimamia kundi lazima ajue mambo yote mawili yatatokea.

Kadhalika, utafiti wa Lieberman, Yalom na Miles uliochapishwa mwaka 1973, uliowafuatilia wanafunzi zaidi ya 200 wa Chuo Kikuu cha Stanford katika makundi ya namna hii, ulionyesha kwamba takriban asilimia 8 walitoka na majeraha ya kisaikolojia. Madhara yalizidi pale kiongozi alipokuwa mwenye mvuto mkubwa na ukali, akiwalazimisha watu kujifunua. Msomaji anayealikwa, tena kwa kiingilio, katika kundi la mamia ya watu ambamo “mwalimu” mmoja tu ndiye anayesema na wengine wanaitikia amina, ana sababu ya kusita. Kundi la watu 200 haliwezi kumwona mtu mmoja. Hilo ni hadhira.

Sisi tulibaki saba, na mara moja kila mwezi tunakutana ana kwa ana, kwa kuwa simu haionyeshi uso wa anayeandika “niko sawa”. Mwenzetu mmoja aliwahi kuandika maneno hayo akiwa hajalala kwa wiki nzima. Tulimgundua tulipomwona, na hatukujaribu kumtibu kwa ushauri wa kundi: wawili kati yetu walimsindikiza hospitalini kwa daktari wa afya ya akili, nasi wengine tukabaki kumtumia salamu asubuhi na jioni hadi aliporejea kazini.