Uvumi Ndani ya Sikio

Msomaji wa Kibokoni, Mji wa Kale, ameniletea swali. Tangu harusi ya mpwa wake, alipokaa ubavuni mwa spika usiku kucha, sikio lamvuma kila akilala. Mumewe, mchomeleaji vyuma, lamvuma miaka kumi sasa, naye kila usiku yuko barazani na kahawa yake. "Mbona nateseka peke yangu?"

Kwanza jina. Madaktari husema tinitasi. Wengine huandika "mlio wa masikio", lakini mlio una mwenyewe: kengele, paka, zumari. Hapa hakuna kinacholia. Mimi nashika uvumi. Upepo huvuma, na maneno yasiyo na mwenyewe huvuma vilevile. Wapo waaminio kuwa sikio likivuma, unatetwa. Hawako mbali: anayeteta ni ubongo.

Katika sikio la ndani, ndani ya koklea iliyojiviringa kama konokono, seli zenye vinyweleo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme. Makelele huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Kuku huziotesha upya.

Sasa tazama vichochoro vyetu. Nyumba zimebanana, habari hupita dirisha hadi dirisha. Nyumba moja ikifungwa wiki nzima, jirani hatulii: hutega sikio ukutani, na panya akipita darini, asubuhi mtaa mzima wajua wenyewe wamerudi usiku. Ubongo ndiye jirani huyo. Seli za sauti nyembamba zikinyamaza, ubongo hujiongezea usikivu upande uleule, hadi mchakarisho wa kawaida wa neva, yule panya, ukawa sauti kamili.

Hata sikio zima lina panya wake. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman walichapisha jaribio: watu 80 wasio na tatizo la kusikia waliketi katika chumba kisichopitisha sauti. Asilimia 94 walisikia kitu.

Uhakiki wa tafiti wa 2022 ulikadiria kuwa asilimia 14 hivi ya watu wazima duniani wana uvumi huu, wake kwa waume karibu sawa. Katika tafiti kadhaa, wanawake ndio husema unawasumbua zaidi. Ukivuma upande mmoja tu, au kwa mapigo ya moyo, nenda kwa daktari.

Ila bibi, mumeo ana baraza, vikombe na kicheko. Wewe una kimya, na kimya ndicho chakula cha uvumi. Leo washa feni. Akirudi, mwulize wake wavuma vipi. Huenda hajawahi kuulizwa.