Tairi ya remoroki inashuka polepole: upepo unapitia wapi?

Wandugu wanamemba, katika gazeti letu hili tumezoea kusema juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mihogo. Leo ninaandika juu ya tairi. Musishangae, ni jambo la shamba kabisa. Kahawa mbivu ikichumwa asubuhi inapaswa kufika kwenye kituo cha kuosha siku ile ile na kumenywa siku ile ile. Ikilala ndani ya mifuko usiku mmoja, inaanza kupata moto na kuchacha yenyewe, na harufu ile haitoki tena hata muioshe mara kumi. Mnunuzi akionja, anashusha bei. Na kwa sababu kahawa ya wanamemba wote inachanganywa, hasara ya remoroki moja iliyolala njiani inaingia mufukoni mwa kila mtu, hata yule mama aliyechuma vizuri na kuleta mapema.

Sasa, mara nyingi remoroki hailale njiani juu ya tairi iliyopasuka ghafla kwa bahati mbaya. Inalala juu ya tairi iliyokuwa inashuka polepole tangu wiki mbili, kila mtu akiiona, na kila asubuhi mtu mmoja anasema: "Ongeza tu upepo, tuende." Mukilipa kwado 1000 franka kila asubuhi, kwa siku 30 ni 30000, na tundu lingali pale pale. Kiraka kimoja kingemaliza kazi.

Kwa remoroki hatari inazidi ile ya gari. Shofere wa gari anasikia usukani unavuta upande, anajua tairi imelegea. Tairi ya remoroki iko nyuma, hakuna usukani unaomwambia kitu. Tairi yenye upepo kidogo inajikunja kila inapozunguka, ubavu wake unapata moto, nyuzi za ndani zinachoka. Kwa macho unaona bado nzima. Kisha siku ya mzigo mkubwa na jua kali, inapasuka kwenye kona. Kama magurudumu yako mawili mawili upande mmoja, tairi iliyolegea inaachia jirani yake mzigo wote, na zote mbili zinakufa moja baada ya nyingine.

Mbele ya kutafuta tundu, muhakikishe kwanza kwamba tundu liko. Hapa wengi wanaruka hatua. Kupiga tairi teke hakuonyeshi kitu, hata papa mwenye kuendesha miaka 20 hawezi kujua kwa teke. Koperative inunue manometa yake moja, na iwe ile ile siku zote, kwa sababu manometa mbili zinaweza kusema tofauti. Asubuhi mapema, remoroki ikiwa imelala na haijatembea, mujaze tairi zote kipimo kinachotakiwa. Tairi nyingi zimeandikwa ubavuni kipimo cha juu kabisa, kwa bar au kwa livre. Bar 1 ni livre 14 na nusu, na karibu sawa na ile "kilo 1" ya kwado. Kipimo hicho cha juu musikipite. Muandike ndani ya kaye: tarehe, saa, kila tairi na namba yake. Kesho yake saa ile ile mupime tena, na siku ya tatu vilevile.

Ginsi ya kusoma kaye: kama tairi zote zimeshuka kidogo kwa kiasi kimoja, hakuna tundu, ni baridi tu. Hewa ikipoa inajikusanya. Kwa tairi ya bar 3, tofauti ya digri 10 inapunguza kama bar 0,1 hivi. Ndiyo maana kupima saa saba mchana baada ya safari, kisha kupima alfajiri, kunawatisha watu bure. Hata milima inacheza na manometa: mukitoka Bukavu, karibu metre 1500, mukashuka mpaka Uvira kwenye metre 800 hivi, hewa ya nje kule chini ni nzito zaidi, na kipimo kinaweza kuonekana kimepungua kidogo, chini ya bar 0,1, bila pumzi hata moja kutoka. Lakini joto la bonde la Ruzizi nalo linapandisha, kwa hiyo musihangaike. Tairi nzima pia inapoteza kidogo kila mwezi kupitia mpira wenyewe. Ile ya kushughulikia ni tairi moja iliyoachana na wenzake: tatu zinasema 2,9 na moja inasema 2,4. Hiyo njo inavuja.

Muanzie kwenye valvu, kwa sababu ni rahisi na mara nyingi ndipo penye shida. Muondoe kifuniko, mutie tone la maji ya sabuni (mate pia yanafaa) juu ya mdomo wa valvu, mungoje. Povu ikipanda pole pole, obisi ya ndani imelegea ao imekamata vumbi. Kuna kifaa kidogo cha kuikaza. Kifuniko kingine cha chuma kiko na kichwa chake chenye pengo kwa kazi hiyo. Mukaze kwa vidole tu, siyo kwa nguvu ya koleo. Ikiendelea, obisi mpya ni bei ndogo sana. Kisha muipinde valvu huku na huku, mukimwaga sabuni pale inapoingia kwenye janti. Valvu ya mpira inapigwa na jua, inapasuka nyufa ndogo chini, na nyufa zile zinafunguka tu wakati inapinda. Remoroki ikisimama hazivuji, ikikimbia zinavuja. Watu wanatafuta msumari juma zima, na kumbe ni pale. Na kifuniko, wandugu, siyo pambo! Kinazuia vumbi na matope, na kinasaidia kushika upepo. Remoroki nyingi ninazoona hazina hata kimoja. Watoto wamechukua kuchezea.

Kama valvu ni nzima, muende kwenye mpira wenyewe. Muinue remoroki kwa kriki, muweke mawe ao mbao nyuma ya magurudumu mengine, na mbao nene chini ya ekseli. Musimtegemee kriki peke yake. Mutengeneze maji ya sabuni ya unga yenye povu nzuri, mupake kwa kitambaa ao brosi, sehemu kwa sehemu, mukizungusha gurudumu. Mufanye kivulini, pasipo upepo mkali, la sivyo sabuni inakauka mbele haijasema kitu. Na mungoje. Tundu la kushuka polepole halitoi povu kubwa ya kuchemka. Linatoa kipovu kimoja, kinapasuka, kingine kinakuja. Dakika tano kila sehemu siyo nyingi. Mukiona kichwa cha msumari, musikichomoe pale pale kama kwado yuko mbali: msumari ulioziba nusu unawafikisha nyumbani, tundu lililo wazi haliwafikishi. Muweke alama kwa chaki.

Tairi isiyo na shambre inavuja sana pale inapokutana na janti. Kutu inaota chini ya ukingo wa mpira, matope yanaingia, na ukingo haukae sawa. Mupake sabuni duara lote, pande mbili, ya nje na ya ndani. Ule upande wa ndani, unaotazama chini ya remoroki, karibu kila mtu anausahau juu ya uvivu wa kulala chini. Dawa yake siyo kuongeza upepo wala kupaka gundi ya nje. Tairi itolewe, kutu isuguliwe kwa brosi ya chuma na msasa mpaka pawe laini, pafutwe, ndipo irudishwe. Kama janti imepinda juu ya mashimo ya barabara zetu, kusugua hakutoshi.

Tairi yenye shambre, ambayo njo wengi muko nayo, haisemi ukweli kwa sabuni ya nje. Upepo unatoka ndani ya shambre, unatembea kati ya mpira na janti, unatokea kwenye tundu la valvu ao mahali pengine mbali na kidonda. Hapo shambre itolewe, ijazwe kidogo, izamishwe ndani ya bidoni iliyokatwa yenye maji, pole pole, sehemu kwa sehemu. Muangalie sana viraka vya zamani na chini ya valvu. Na kwa jina la kahawa yenu, kiraka kikishashikwa, pitisheni mkono ndani ya tairi, taratibu, ao kitambaa: mwiba uliotoboa bado umo! Wengi wanaziba shambre mara tatu na mwiba ule ule unatoboa mara tatu. Mchanga uliobaki ndani nao unasaga shambre kidogo kidogo.

Kuhusu kiraka, kwado mwema mnamtambua kwa subira. Anasugua mahali pale mpaka pawe pakavu na pabaya, anapaka kole, anangoja ikauke mpaka haishiki tena kidole, ndipo anabandika na kugonga. Yule anayebandika kole ikiwa bado maji, mutarudi kwake juma lijalo. Wengine wanachoma kiraka kwa pistoni ya zamani yenye petroli; ikifanywa vizuri inashika sana, ikizidi moto inaunguza shambre yote. Ile kazi mumuangalie akiifanya.

(Wenye chukudu wa Goma wanatucheka hapa. Gurudumu la mbao lenye kuvalishwa mpira halijui upepo ni nini. Lakini chukudu haibebe tani mbili.)

Kuna mambo mawili ambayo sitaki mwanamemba yeyote ayajaribu. La kwanza: kuchomelea janti iliyopasuka wakati tairi ingali juu yake. Hata kama imetolewa upepo, joto linafanya hewa na mvuke wa mpira ndani ulipuke, na mlipuko ule unaua. Janti iliyopasuka ibadilishwe. La pili: kujaza ghafla tairi iliyotembea ikiwa tupu. Nyuzi za ubavu zimekwisha kukatika ndani, na inapasuka mbele ya uso wa mwenye kujaza. Tairi kama hiyo itolewe kwanza, ichunguzwe ndani. Ukiona unga mweusi wa mpira ao ubavu umelegea kama kitambaa, iko imekufa. Na janti za lori zenye pete ya chuma, ambazo tunazikuta chini ya remoroki nyingi za kutengenezewa hapa, ziachiwe fundi, na upepo wote utolewe kwa kuondoa obisi mbele ya kugusa bulo hata moja.

Muda mzuri wa kazi hii yote ni sasa, mbele ya mavuno, remoroki ikiwa haina kitu cha kubeba. Inachukua asubuhi mbili: moja ya kujaza na kuandika, nyingine ya sabuni. Koperative imteue mtu mmoja wa kushika kaye na manometa, mama ao papa, siyo lazima awe shofere. Na mavuno yakiisha, remoroki isiachwe miezi mitano juani ikikalia tairi zake zilizolegea. Muiweke juu ya mbao, magurudumu yasibebe kitu, na mufunike tairi kwa gunia la zamani.