Adabu ya Kutoboa Chuma

Mwenye nyumba anapoikagua kazi ya umeme aliyoigharimia, aghalabu hutazama mambo mawili, swichi zilivyonyooka ukutani na taa kama zinawaka. Na akiisha kuridhika hulipa salio la ujira na kumuaga fundi kwa shukrani, asijue kwamba sehemu yenye dhamana kubwa ya kazi ile imefichika nyuma ya mlango wa boksi la chuma lililo karibu na mita, mahali ambapo kila kebo na kila bomba la waya halina budi kupita katika tundu, na tundu lenyewe likawa ama limekatwa, ama limeraruliwa.

Maboksi mengi hutoka kiwandani yakiwa na visahani vya mviringo vilivyokatwa nusunusu, ambavyo fundi huvigonga kwa bisibisi na nyundo vikaanguka, na kwa mabomba ya milimita 20 au 25 hivyo vyatosha. Lakini hutokea kebo nene ya kuingizia umeme, au bomba la pampu ya kisima, ambalo kiwanda hakikulitarajia, na hapo ndipo patasi huitwa. Fundi huchora duara, hulizungushia vitobo vidogo vidogo kwa keekee, kisha hukata kwa nyundo na patasi vipande vilivyobaki baina ya kitobo na kitobo, bati likipinda na rangi ikibanduka. Na mwisho hupitisha tupa mara mbili tatu, kwa kuondoa lawama tu. Tundu hilo lina meno. Kebo itakayolala juu ya meno hayo miaka ishirini, ikitikisika kila mlango ufungwapo, haihitaji adui mwingine.

Msumeno wa duara, ule unaofungwa katika keekee ya umeme, ni bora kuliko patasi, wala sina nia ya kuutukana. Katika mbao na plastiki ni ala njema kabisa. Ila katika bati jembamba hunasa ghafla ukaupotoa mkono wa aliyeushika. Na fauka ya hayo, kila mzunguko wake humwaga chenga za chuma, na chenga hizo hazianguki zote sakafuni, bali nyingine hupenya katika viungo vya waya na katika nafasi finyu iliyo baina ya pau moja ya shaba na ya pili, zikatulia humo hata siku ambayo mtetemo wa mota au unyevu wa masika utaziunganisha. Fundi mwenye hadhari hufunika vyombo kwa kitambaa kabla ya kuanza. Mwenye haraka hupuliza kwa mdomo, na chenga huzidi kwenda ndani.

Panchi haimwagi kitu, ghairi ya chenga chache za tundu la kuanzia. Ala hii, ambayo kwa Wamarekani jina lake halitengani na Greenlee, kampuni ya ndugu pacha wawili walioanzia Chicago mwaka 1862, na ambayo kwa Waingereza wa zama za redio za valvu ilijulikana zaidi kwa jina la Q-Max, ina viungo vitatu tu: pande la chuma kigumu lenye makali, kikombe ambacho mdomo wake umelipita pande hilo kwa nafasi ndogo mno, na bolti inayopita katikati. Umeme ukiisha kuzimwa na kuhakikishwa kwamba umezimika, fundi huchora mistari miwili ya msalaba, hutoboa kitovuni tundu dogo la kupitisha bolti, hukivika kikombe katika bolti, huipenyeza bolti katika bati, na upande wa pili huliparafujia pande la kukatia kwa vidole hata liguse chuma. Vikombe vizuri vina alama nne ukingoni, nazo hulinganishwa na ncha nne za ile mistari zinazochomoza, tundu lisije likaenda upande. Kisha hutiwa tone la mafuta katika hesi, na spana hushikwa.

Tundu la milimita 20.5, ambalo hulifaa bomba la milimita 20, lina mzingo wa milimita 64 na ushei. Na bati likiwa na unene wa milimita 1.5, ni kusema kwamba fundi anakata takriban milimita za mraba 97 za chuma laini, ambazo kila moja hudai nguvu ya nyutoni 300 hivi kabla ya kukubali kukatika. Ukizidisha, wapata uzito wa karibu tani 3, yaani Hiace pamoja na abiria wake, ukining'inia katika bolti isiyozidi unene wa kidole cha mwisho, ilhali mwenye kuutoa ni mtu mmoja asiyetokwa na jasho. Siri ni hesi: ncha ya spana ya robo mita husafiri zaidi ya mita moja na nusu kwa kila mzunguko, na bolti husogea milimita moja na nusu au pungufu, na ingawa msuguano hula sehemu kubwa ya faida hiyo, inayobaki yatosha. Fauka ya hayo makali ya pande lile hayakusawazishwa. Yana ncha zilizotangulia, ambazo huuma mwanzo, na kata ikatambaa kutoka hapo kuelekea pande zote, kwa hiyo chuma hakikatwi chote kwa wakati mmoja. Kwa matundu mapana na mabati mazito zipo panchi zinazovutwa kwa pampu ya mafuta, lakini kwa nyumba ya kawaida spana haishindwi.

Mwishoni spana hulegea mkononi kwa mlio mdogo, na ndani ya kikombe hubaki kisahani kilichopinda kidogo; panchi nyingine hukipasua vipande viwili kisije kikagoma kutoka. Utazame sasa ukingo wa tundu kwa karibu: sehemu ya mwanzo ya unene wa bati inang'aa kama imesuguliwa, na sehemu iliyobaki imefifia, kwa kuwa hapo chuma hakikukatwa bali kilikatika chenyewe baada ya kuzidiwa. Tupa ipite mara moja upande wa kikombe, ambako huachwa ukali kidogo, na kwenye miji ya pwani, ambako chumvi ya hewani haimstahi mtu, ukingo upakwe rangi kabla kutu haijauona.

Haya si mapambo. Kebo ya deraya huunganisha nyuzi zake za chuma na boksi kwa njia ya glandi, na nati ya glandi sharti ikae juu ya chuma kitupu kilicho sawa, pande zote. Juu ya tundu lililoraruliwa hukaa juu ya meno mawili matatu, na siku waya wa moto utakapogusa mwili wa boksi, mkondo wa mamia ya ampea utatakiwa upite katika meno hayo kwenda ardhini. Ukizuiwa, fyuzi hukawia kukatika, na boksi lote hubaki na umeme, likimngoja wa kwanza kulishika. Kwa sababu hiyo nawalaumu makandarasi wanaonunua mashine ya kupimia ardhi kwa fedha nyingi na kusema panchi ni ghali, kwani wananunua chombo cha kugundua taksiri ambayo chombo cha bei ndogo zaidi kingeizuia.

Anunuaye na aangalie vipimo. Panchi za Kimarekani huitwa kwa kipimo cha bomba, si cha tundu, na ile ya bomba la nusu inchi hukata inchi 7/8, yaani milimita 22 na ushei, ambamo bomba letu la milimita 20 hucheza. Na kebo za waya mmoja mmoja za umeme wa fezi tatu zisipitishwe kila moja katika tundu lake kwenye bati la chuma, hata matundu yakiwa mazuri namna gani, maana sumaku inayozunguka kila kebo hulipasha bati moto. Zipite zote pamoja katika tundu moja pana, na panchi kubwa hulikata tundu hilo kwa njia ileile.

Matundu yaliyokatwa kisha yakaachwa, kwa kuwa mpango ulibadilika, yazibwe kwa vizibo vyake, ambavyo bei yake haifiki nauli ya fundi atakayeitwa kuja kumtoa mjusi aliyeungua baina ya pau mbili.